Vichakani na Mzee wa Kabatini

Vénérand ana jina zuri tu la ubatizo, lakini huku Sydney, Australia, kuanzia Parramatta mpaka Rooty Hill, Warundi wote wanamwita Vichakani. Hata mchungaji. Watoto waliozaliwa huku nao wanamwita Anko Vichakani kwa heshima zote, hawajui wanasema nini.

Jina lilitoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, kule Ngara, Tanzania. Kipindupindu kilipoingia, watu wa afya waliunda kikundi cha maigizo kizunguke kambi nzima kufundisha watu kuchimba vyoo. Vénérand alikuwa kijana mwembamba mwenye miguu mirefu, wakampa nafasi ya yule mkaidi asiyetaka kuchimba. Kila igizo mke anamfukuza na mwiko, yeye anakimbilia vichakani suruali mkononi, anarudi amekanyaga alichokanyaga. Watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Akienda foleni ya mahindi, wanacheka. Alipokwenda kumposa Elvire, baba mkwe alicheka kwanza, ndiyo akamsikiliza.

Walipohamia Sydney akapata kazi ya kutunza wazee, nyumba moja Parramatta. Kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka. Humo akamkuta Leonard Pargeter, mzee wa Kiingereza mwenye sauti ya waziri mkuu na miguu iliyokwisha kustaafu.

Mzee Leonard alikuwa mwigizaji wa vichekesho kwenye televisheni ya Uingereza, enzi zile nyumba nzima inatazama kitu kimoja. Alicheza msoma mita ya gesi. Kila wiki anaingia kwenye nyumba za watu kusoma mita, kila wiki kwa sababu hii au ile anafungiwa kabatini, na kutoka mle ndani anasema kwa upole, "Msijali, nitasubiri." Basi. Maneno hayo ndiyo yaliyomlisha, na ndiyo yaliyomkosesha kazi. Kipindi kilipokwisha alitaka mambo mazito. Wakampa hakimu kwenye mchezo wa mauaji. Alipofungua tu mlango wa mahakama, watazamaji wakacheka. Akacheza mfalme jukwaani. Mfalme yuko kwenye kukata roho, mtu wa viti vya nyuma akauliza kwa nini wasimweke kabatini. Simu za kazi zikanyamaza. Akaja Australia na kikundi cha kuzunguka vilabuni, watu wanakula nyama, yeye anatoka kabatini. Wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, akatangaza mazulia kwenye televisheni ya huku, kisha akazeeka. Mpaka leo wageni wa wazee wengine wakimtambua, wanamtazama yeye, halafu wanatupia jicho kabati lake la nguo.

Vénérand aliposikia hayo alikaa kitandani kwa mzee, jambo ambalo kazini haliruhusiwi, akamsimulia habari za vichakani. Tangu hapo wakawa kama ndugu.

Mwaka 2008 Nella akachumbiwa. Nella ni binti wa marehemu kaka yake Vénérand, amemlea tangu walipokimbia nchi. Sasa kwa Warundi, siku ya mahari pande mbili zinakaa kutazamana, kila upande na msemaji wake. Wa kiume anaomba kwa kuzungukazunguka. Wa kike anajifanya haelewi wamefuata nini, anawabana, anawakatalia kwa maneno matamu mpaka jasho liwatoke, ndipo anakubali. Ni mchezo, lakini heshima ya msichana inapimwa pale. Mwenye msemaji dhaifu anaonekana hana watu. Na watu wa Nella ni mmoja.

Upande wa kiume, nao ni wa Lukole hao hao, wakatuma neno kwamba ingefaa atafutwe mtu mzito kidogo. Nella akamfuata Vénérand jikoni. Yeye humwita tonton, kama Warundi wengi wanavyowaita ami zao.

"Tonton, nataka uwe wewe," akamwambia. "Ila ukisimama wakicheka, nitaingia kwa watu kama mtoto wa kichekesho."

"Sitachekesha."

"Sijasema utachekesha. Nimesema watacheka."

Vénérand akapeleka shida kwa mzee Leonard. Mzee akamtaka asimame aitoe hotuba yote. Kirundi hakijui hata salamu, lakini alisikiliza mpaka mwisho, uji kidevuni. Kisha akasema ubaya uko mwanzoni: Vénérand anasimama na kusema mbio mbio kama aliyeiba maneno, anataka kukiwahi kicheko.

"Kicheko hakiwahiwi," mzee akasema. "Yule hakimu wangu nilimpigisha kelele ili wasicheke, wakacheka zaidi. Waache wacheke mpaka waishiwe. Wewe tafuta kazi ndogo ya mikono. Funga vifungo. Na usitabasamu."

Akamwambia afungue kabati. Lile koti jeusi la hakimu lilikuwa humo bado. Vénérand lilimpwaya, angeweza kumwingiza na Elvire. Wiki ile kila zamu wakawa wanafanya mazoezi ya kufunga vifungo. Wauguzi walidhani ni mazoezi ya vidole vya mzee.

Siku yenyewe tulikutana ukumbini Blacktown. Mimi nilikaa karibu na meza ya sambusa, kwa hiyo ushahidi wangu ni wa mtu aliyeshiba. Msemaji wa kiume alikuwa Ndikumana, mjomba wa bwana harusi, anaendesha foklifti ya kupakia mizigo kule Villawood na mdomo wake haujui breki. Akasalimu vizuri kwa Kirundi, jirani yangu akinitafsiria, akasema wametoka mbali kutafuta nyumba ya heshima, ila wanaona mwenyeji wao ni Vichakani, kwa hiyo anawaomba watu wake watazame wanapokanyaga.

Watu wakaangua kicheko. Mama wa bwana harusi akawa anajifuta machozi kwa kitenge. Nella aliinamisha kichwa, akabaki anatazama viatu vyake.

Vénérand akasimama. Wakacheka upya. Akaanza na kifungo cha chini cha lile koti la hakimu. Akakifunga, akakikagua, akapanda cha pili. Kicheko kikapungua, kikarudi, kikapungua tena. Kifungo cha juu kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi, hicho alikifunga taratibu kama anafunga kidonda. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kama anko anaumwa, mama yake akamziba mdomo. Ikafika mahali unasikia friji ya soda inavyonguruma.

Ndipo akasema, kwa Kiswahili, ili na sisi tusio Warundi tusikie:

"Huyo Vichakani mnamjua. Alikimbia mbele yenu suruali mkononi, mkacheka, mkimaliza mkaenda kuchimba. Ndikumana, wewe hukuchimba. Ulichimba choo pale tu mtoto wa dada yako alipougua, na nilikuja kukusaidia. Mtoto huyo si huyu hapa, aliyevaa tai?"

Égide, bwana harusi, alishika tai yake kama ameulizwa kama ni ya kwake.

"Haya, karibuni," Vénérand akaendelea. "Mlisema mmefuata nini? Maana mimi naona mmepotea njia."

Hapo watu walicheka, lakini walikuwa wamemgeukia Ndikumana, ambaye sasa ndiye alikuwa anatazama anapokanyaga. Nella akainua kichwa. Vénérand aliwabana watu wale mpaka soda zikapata joto la mikono na sambusa zikaisha, hilo la sambusa nachangia lawama. Alipokubali, mama wa bwana harusi alikuja mwenyewe kumshika Nella mkono, akamuuliza tonton wake anakula nini akija kwao.

Jumatatu Vénérand alirudisha koti. Mzee Leonard hakuuliza kama binti ametolewa. Aliuliza kama kile kifungo cha juu kilishika.

Jina halijabadilika, bado ni Vichakani. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna mahari inayotolewa upande huu wa Sydney bila yeye kusimama kusema, wala hawamuulizi kama anataka. Tangu mwaka ule hajala pilau ya harusi ikiwa ya moto. Siku moja akamlalamikia mzee, kwamba yeye naye angependa kwenda sherehe akae tu kama watu wengine.

Mzee Leonard akamwonyesha kabati kwa kidevu.

"Karibu," akamwambia. "Nafasi ipo."