Nilizima antivirus ili nimchunguze mke wangu, yaliyonikuta siyatamani kwa mtu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Likasi, na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke. Anayetaka kunisuta, nimeshajiandaa.

Niseme mapema: mimi nina wivu. Si ule wa utani. Mke wangu akicheka na muuza mkate getini, mimi mkate wenyewe haunishuki.

Mke wangu anaitwa Mado. Tunakaa mtaa wa Kikula, na sebuleni kuna kompyuta niliyonunua mimi. Anaitumia kuwachapia wanafunzi TFC, ile kazi ya kumalizia masomo ambayo lazima uitetee mbele ya walimu. Mjini anajulikana. Kazi yake ni safi na hapotezi karatasi ya mtu.

Kwa virusi alikuwa mkali kama askari. Mwanafunzi akija na flash (sisi huku, kwa Kifaransa chetu, tunaita clef), haifunguliwi mpaka antivirus iipime yote.

"Clef yoyote haiingie humu bila kuipima, ata ikiwa ya pasteur," ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Na kweli aliwahi kuipima ya pasta.

Sasa tatizo langu lilianzia hapo hapo. Kompyuta yetu imezeeka. Kupima flash moja kunachukua dakika ishirini. Na dakika ishirini hizo mwenye flash anakaa wapi? Kwenye kiti, karibu na mke wangu.

Akaja kijana mmoja, Hervé. Anafanya kazi mgodini Kakanda, anasoma huku mjini, TFC yake inahusu pampu za kutoa maji shimoni. Mrefu, shati limenyooka, meno yote yapo.

Mwanzoni alimwita Mado "maman", kwa adabu. Wiki ya tatu nikasikia "yaya", yaani dada mkubwa. Na mimi je? Mimi bado aliniita "papa".

Wakuu, fanyeni hesabu wenyewe. Mke wangu dada yake, mimi baba yake!

Kila alipokuja, antivirus inapima, wao wanaongea. Pampu, pampu, kicheko. Mimi miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumchekesha Mado kwa habari ya pampu. Nilifika mahali nikaichukia hata ile antivirus, nikaona inapima polepole makusudi ili wale wawili wakae.

Jumapili moja Mado alienda mazoezi ya chorale, yaani kwaya, baada ya ibada. Mimi nikasema kichwa kinauma. Kichwa hakikuwa kinauma.

Kwenye kundi moja mtandaoni nilikuwa nimeona link: programu ya bure, inakuonyesha meseji zote za mwenzi wako zilizopitia kwenye kompyuta. Nikaidownload. Ikaandika kwamba antivirus itaikataa, kwa hiyo niizime kwanza.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliizima kwa raha, wakuu. Kisha ikaomba password ya admin, nikaandika, maana password nilikuwa nayo mimi, mwenye nyumba.

Hakuna meseji niliyoona. Faili zikaanza kubadilika majina moja baada ya jingine, halafu ikatokea barua ya Kiingereza inayodai pesa ili zifunguliwe. Disk ya backup tulikuwa tunaiacha imechomekwa siku zote, ikafungwa nayo. Na flash ya Hervé ilikuwa imechomekwa pia, kwa sababu alimwachia Mado, vumbi la mgodini lilishamharibia mbili. Kwa hiyo TFC yake yote ilikwenda.

Nikazima kompyuta, nikalala kitandani na viatu.

Jumatatu Mado akaiwasha. Alilia kwanza, kisha akaiona ile flash. Akasema itakuwa ndiyo iliyoleta, labda siku moja aliipima vibaya. Mimi nikajibu, "Nilikuambia ule mutoto si muzuri."

Ndiyo, nilisema hivyo. Hervé alipofika, Mado alimfokea uani, majirani wanatazama, akamrudishia flash yake na kumwambia asikanyage tena. Na mimi nilifurahi. Nilikula ugali wa siku ile vizuri sana.

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja karibu na soko. Aliitazama sana, kisha akaniambia faili hazitarudi.

"Papa, hii haikutoka ku clef. Kuko programme ilipewa ruhusa ya admin, dimanche. Nani iko na mot de passe?"

"Ni miye."

Dimanche ndiyo ile Jumapili, na mot de passe ndiyo password. Fundi akairudisha ikiwa safi na tupu.

Ningeweza kunyamaza, Mado hakuwepo kwa fundi. Na nilinyamaza, siku mbili. Siku ya tatu Hervé akaja, akasimama nje ya geti na rundo la karatasi, nakala ya zamani iliyojaa wino mwekundu wa mwalimu wake. Hakuthubutu kuingia.

"Yaya, nisamehe. Pengine ni clef yangu njo ilileta ile bugonjwa. Lakini défense iko mukati ya siku munane. Nifanye namna gani?"

Siku nane kabla ya kutetea TFC yake, anaomba msamaha kwa kosa langu. Wivu ulikuwepo bado, siwadanganyi, lakini aibu iliuzidi nguvu. Nikasema mbele yao wote wawili kwamba ni mimi.

Mado alinitazama mpaka nikashusha macho.

"Weye njo ulifanya hivi? Alafu uliniacha nifukuze mutoto ya batu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kama kuko kitu kati yenu."

Mado aligeuka. Alimfungulia Hervé geti, akamwomba msamaha kwa sauti ili majirani wale wale wasikie, akamvutia kiti.

Siku nne alichapa upya kutoka kwenye zile karatasi. Hervé anasoma, Mado anapiga. Na mimi? Nilikuwa nachemsha chai, nawapelekea, naosha vikombe. Walicheka mara mbili. Nilihesabu.

Hervé ametetea, amefaulu.

Wakuu, msizime antivirus kwa ajili ya kitu cha bure. Backup ikishaisha, disk ichomolewe. Na akaunti ya admin isiwe ya kila siku, wala isiwe ya mtu mwenye hasira.

Kwetu admin sasa ni Mado, password anayo yeye. Mimi amenifungulia akaunti yangu ndogo, isiyoweza kuweka wala kuondoa programu. Nikiwasha kompyuta yanatokea majina mawili. La kwanza, Mado. La pili, ambalo ni langu, ameandika Mgeni.

Chakula napewa, salamu napewa. Lakini jina hajabadilisha, na sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile.

Nisuteni, nishaurini, uzi ni wenu. Password siitaki tena. Nataka tu kujua kama kuna mwanaume humu aliyewahi kuwa mgeni nyumbani kwake, na alifanya nini mpaka mkewe akaandika jina lake.