Faini ya Dume Jeusi

Watu wakisikia kwamba wanawake wa kwetu, huku tambarare chini ya mlima Hanang, wakikosewa wanakusanyika na kumtoza mwanamume faini, wanashangilia. Haya, shangilieni. Mimi nilikuwepo siku walipomtetea dada yangu.

Dada alikuwa amejifungua, bado yuko ndani na kichanga, na shemeji akampiga kwa fimbo ya kuchungia. Kwetu mzazi hapigwi. Ukimpiga yeye umewapiga wanawake wote. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kazi. Akanishika mkono: "Waambie wanawake wanitoe hapa. Sitaki kingine. Huyu ataniua." Nikatoka mbio, nikapiga yowe mpaka koo likakauka.

Walikuja, jamani! Wengine kwa bodaboda kutoka sokoni Katesh, wengine kwa miguu, kila mmoja na fimbo yake. Wakaujaza uwanja wa boma, wakaimba matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shemeji akatimua mbio, na wanaume wote wakapotea kama kuku walioona mwewe. Nilisikia raha, nisiseme uongo. Nilijua dada anarudi kwa mama.

Wakadai faini, dume jeusi la ng'ombe. Ndugu wa mume wakabisha kidogo, wakaogopa laana ya wanawake, wakalitoa. Likachinjwa palepale. Wanawake wakala, wakacheza, wakapigana picha kwa simu.

Nikamfuata mama mmoja mkubwa aliyekuwa akiwaongoza.

"Shikamoo, mama. Tunaondoka naye saa ngapi?"

"Marahaba. Naye nani?"

"Dada."

"Aende wapi? Mume ameshalipa, kesi imekwisha. Tukimtoa sasa itaonekana tumekula ng'ombe wa watu bure."

"Basi mtapike!"

Nilimwambia hivyo mtu aliyemzidi mama yangu umri. Wakanijia juu wote, eti sina adabu, nimelelewa wapi mimi. Nguvu yote ile, na hakuna hata mmoja aliyeingia ndani kumuuliza mwenye mgongo uliochanika anataka nini.

Nikaingia mimi kumwambia. Hakulia. Alinisikiliza huku akinyonyesha, halafu akasema, "Kumbe hawakuja kwa ajili yangu."

Wakaondoka wakiimba. Giza lilipoanza kuingia shemeji alirudi, akakaa, akauliza maziwa yako wapi. Dada akamlaza mtoto, akainuka kumpelekea.