Shairi Lililomchekesha Baba

Baba alipofariki, ndugu zangu waliamua wasifu wake niuandike mimi, tena kwa shairi. Nilikuwa nachapa nyaraka za mawakala wa forodha katika duka la steshenari Tunduma, na kwao mtu anayeshinda mbele ya kompyuta hashindwi kutunga. Niliudhika, ila nilikubali. Mazishi yalikuwa kesho yake nyumbani, Iyula.

Fundi wa kompyuta wa duka la fremu ya pili alinionea huruma. Alikuwa na programu mbili za kutafutia vina. Moja ya Kiingereza, aliyoipata kwa Wazambia, haikujua hata neno "kahawa". Ya pili aliitengeneza mwenyewe kwa ajili ya vijana wa bongofleva: unaandika silabi ya mwisho, inakumwagia maneno yote yanayoishia nayo.

Niliandika "ka". Skrini ikajaa: choka, fika, teleka, anguka, cheka. Nilikuwa nimekaa pale na baba kichwani, mzee wa kahawa na koti lake la kaki, lakini baada ya nusu saa sikujua tena kama namwandika baba au naandika "ka". Gari la kwenda msibani lilikuwa linapiga honi nje. Nikachukua kila neno lililotosha mizani, nikachapa:

Kahawa aliipanda, shambani bila kuchoka,
Watoto aliwapenda, shule sote tukafika,
Kazi akisha kutenda, barazani akicheka.

Kesho yake nililisoma shairi kwenye kipaza sauti mbele ya jeneza. Watu waliitikia kwa vichwa. Baba mdogo alijifuta macho. Kwetu karatasi iliyochapwa ikishasomwa kaburini hakuna anayeibishia, inakunjwa na kuwekwa ndani ya Biblia ya familia, na ndiyo habari ya marehemu hadi wajukuu.

Lakini baba hakuwa anacheka. Simaanishi kwamba alicheka kwa nadra. Akifurahi sana alisafisha koo, basi. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshakaa chini, nikatazama huku na huku nikisubiri mtu anisute, na hakuna aliyenisuta. Jioni dada yangu, tuliyelelewa naye chumba kimoja, alisema anakisikia bado kile kicheko. Nilishindwa kuelewa nani kati yetu amechanganyikiwa.

Siku ya tatu, watu wakiwa wameanza kutawanyika, mama aliniita jikoni. Alikuwa anasonga ugali. Akaniambia nimsomee tena pale pa barazani. Nikasoma.

"Alikuwa anacheka na nani?" akauliza.

"Mama, ile ni kompyuta tu. Ilitafuta neno la kumalizia."

"Kompyuta ilimjua wapi baba yako?"

Nilijaribu kumweleza silabi na mizani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mimi mwenyewe nilivyozidi kupotea. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize. Kisha akasema, "Mimi nimeolewa hapa nikiwa msichana. Nimempikia, nimemuuguza, sijamwona akicheka hata siku moja. Kama na nyie alikuwa anacheka, niambie tu, mwanangu. Sitakasirika."

Niliona haya. Kama ningesema hapana, ningekuwa nakiri kwamba nilimsingizia baba mbele ya jeneza lake. Kama ningesema ndiyo, ningekuwa namdanganya mama pale pale. Mpaka leo sijui kwa nini nilichagua hivi.

"Alicheka na mimi, mama. Mara moja. Alikuwa ananisimulia alivyokuja kukuposa."

Mwiko ukasimama.

"Alisemaje?"

"Alisema alikuwa na bahati."

Mama alianza tena kusonga, polepole, ugali ukiwa umeshaiva zamani.

"Sasa mbona mimi hakuniambia?" akauliza.