Kengele ya baiskeli ilivyonishindia kesi ya hataza na kuniumbua mbele ya mama mkwe

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mlioko shambani, mlioko ofisini mnajifanya mko bize kumbe mnasoma humu, wote nawasalimia. Walionizidi umri, shikamooni.

Kuna jambo limenikuta, nimeona nisife nalo.

Ni kweli tupu. Najua wapo humu watu wa Mbulu wanaonijua, na wameshaanza kucheka kusikia mimi natamka neno kweli. Ndiyo maana leo Mama Paskalina, mke wangu, amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika. Nikizidisha ananifinya. Mkiona mahali nimejirekebisha, mjue nimefinywa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea na baiskeli huku Tumati. Shule niliacha darasa la nne. Mwalimu siku hiyo alilia.

Nimefinywa. Alishukuru Mungu.

Sasa huku kwetu tunalima vitunguu saumu. Kama hujawahi kupanda saumu, usilalamike maisha magumu. Unainama, unatoboa shimo kwa kijiti, unachomeka punje, unasogea, unatoboa tena. Kutwa nzima. Mama mkwe wangu yuko Endagikot, na msimu wa kupanda ukiisha alikuwaga anatembea amejikunja kama mtu anayetafuta sindano aliyoangusha.

Nikamtengenezea kitu. Nilichukua kipande cha bomba nene, nikakichomelea meno kuzunguka, nikaweka ekseli na mpini mrefu. Unasukuma umesimama wima kama unasukuma toroli, meno yanatoboa mashimo kwa mstari, nafasi sawasawa. Wa nyuma anakuja anachomeka punje. Nikaiita Toboatoboa.

Haya, kengele.

Wakati natoboa tundu la boliti ya ekseli kwenye mpini nilikosea. Nikatoboa vidole viwili pembeni, pasipotakiwa. Chuma kingine sina. Na mama mkwe ana macho, jamani, yule mama anaona nzi amekaa kwenye paa la kanisa.

Nimefinywa, lakini hiyo naiacha.

Nikaangalia huku na huku, nikaona kengele ya baiskeli. Nikaifunga pale kuziba tundu. Boliti ya kengele ni nyembamba na tundu ni kubwa, kwa hiyo nikaweka washa mbili, vile vipete vya chuma, isidondoke. Aibu imefichika. Kumbe kila bomba likizunguka, jino moja linaigusa ile kengele. Ting. Linazunguka tena, ting.

Nikampelekea. Akasukuma hatua kumi, akasimama, akaniuliza kwa upole, "Baba, hii inayolia ni ya nini?"

Wakuu, ulimi wangu haujawahi kunisubiri. Nikamjibu, "Ni ya kufukuza fuko wanaokula saumu, mama. Mlio unapita kwenye meno unaingia ardhini. Fuko wakiusikia wanahama."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaendelea kusukuma.

Basi baada ya hapo nikachanganyikiwa na sifa. Nikatengeneza nyingine, zote na kengele, zote na tundu lile lile kubwa na washa mbili, maana drili ninayo moja. Nikapeleka mnada wa Dongobesh. Nikachora kashamba pale chini kwenye vumbi, nikawa nasukuma huku nahubiri. Nilisema fuko wa Tumati wameisha, wameonekana wanavuka kwenda Hanang wamebeba watoto mgongoni. Watu mia tatu walikuwa wamenizunguka.

Arobaini. Sawa, mama, arobaini.

Jirani yangu pale mnadani ni Mama Shamsa, muuza sufuria. Yeye kila kitu ni video. Akanirekodi mwanzo mwisho, fuko na watoto wao wote, akaweka status.

Kati ya wale watu arobaini alikuwepo tajiri mmoja mwenye duka la vifaa Katesh. Simtaji jina, siku hizi tunasalimiana. Nimwite Bwana Mkubwa. Alinunua moja, akauliza maswali mengi mazuri, nami nikayajibu yote na mengine ambayo hakuuliza.

Kuna mwalimu mstaafu aliniambia siku ile, fundi, acha kutangaza, nenda kasajili kwanza. Nikacheka. Nikamwambia kitu kimeshaonwa na wilaya mbili, nani ataniibia?

Msimu uliofuata ulipokaribia, kikundi cha akina mama wa Endagikot wakaniagiza mashine za shamba lao la pamoja. Niko katikati ya kazi, mtendaji wa kijiji akaja na bahasha. Barua ya wakili.

Inasema Bwana Mkubwa ana hataza ya Toboatoboa. Kwa ambao hamjui, hataza ni cheti cha serikali kinachosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine yeyote asiutengeneze wala kuuza bila ruhusa yake. Mimi kwenye barua naitwa mwigaji. Natakiwa niache kutengeneza moja kwa moja, la sivyo mahakamani, na zote nilizokwisha kuuza au kugawa zikusanywe.

Zote. Maana yake na ya mama mkwe.

Nilisoma ile barua nimesimama, nikamaliza nimekaa. Hivi unaanzaje kwenda ukweni kuchukua zawadi uliyopeleka mwenyewe?

Sikuacha kutengeneza, na kweli kesi ikafunguliwa.

Akina mama wakanipeleka kwa wakili dada Neema, binti mdogo tu wa Babati, anakujaga Mbulu kusaidia watu bure. Nikaanza kumweleza kwamba niligundua mashine hii nikiwa na miaka kumi na mbili. Akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Fundi, mimi usiniongezee hata siku moja. Ukinidanganya mimi, umepoteza."

Basi nikasema kweli. Wakuu, kusema kweli mfululizo kwa saa nzima kunachosha kuliko kupanda saumu.

Akanifundisha mambo mawili, na haya mshike.

La kwanza, hataza inataka kitu kiwe kipya. Ukishakionyesha hadharani kabla ya kuomba, mnadani, kanisani, kwenye status, upya umeisha. Umeisha kwangu na umeisha kwake pia. Kwa hiyo hatuendi kudai kwamba hataza ni yangu. Hiyo nimeiua mwenyewe kwa mdomo wangu. Tunakwenda kuonyesha kwamba siku Bwana Mkubwa anaomba, Dongobesh nzima ilikuwa imeshaiona. Tukishinda, inakuwa ya kila mtu. Nilisikia uchungu, lakini nikameza.

La pili, sheria ina kamwanya. Kama mtu amekuibia siri yako akaionyesha kabla yako, yale maonyesho yanaweza yasihesabiwe. Na ndipo Bwana Mkubwa alipojificha. Alisema aliibuni yeye kwenye shamba lake la Gendabi, mimi nilichungulia nikaiba, nikakimbilia mnadani. Kwa hiyo video ya Mama Shamsa peke yake haitoshi. Lazima ijulikane nani kamuiga nani.

Dada Neema akafungua laptop, akatoa maombi ya hataza yenyewe. Kumbe siku hizi mambo yote ni mtandaoni. Akaanza kunisomea. Na humo ndani, wakuu, ipo kengele.

Siyo kengele tu. Imeandikwa kwa Kiingereza kizito, dada Neema akawa anatafsiri. Ati ni kifaa cha mawimbi ya sauti kinachopeleka mtetemo ardhini kupitia meno, na kuvuruga mfumo wa fahamu wa wanyama wachimbaji. Baadaye tulikuja kujua jamaa aliiandikisha kwa ile AI ya kwenye simu. Yeye aliipa maneno yangu ya mnadani, yenyewe ikayavalisha suti.

Na mchoro upo. Tundu kubwa, boliti nyembamba, washa mbili. Kosa langu limechorwa na vipimo.

Dada Neema akaniuliza, "Hii kengele inafanyaje kazi?"

Nikanyamaza. Mama Paskalina alikuwepo, muulizeni, anasema ndiyo mara ya kwanza tangu anioe.

Nimefinywa. Tangu nimuoe.

Nilipomweleza habari ya tundu, yule binti alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa serious. Akasema kitu kinachofanya kazi watu wawili wanaweza kukibuni kila mmoja kwake. Kosa halibuniwi mara mbili. Kosa linanakiliwa. Ila itabidi niliseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

Mashahidi wenyewe ni akina nani? Mama Shamsa na simu yake. Wamama wawili wa kikundi. Na mama mkwe, mwenye mashine ya kwanza kabisa, ambaye alikuwa ameshatangaza Endagikot yote kwamba mkwe wake amefukuza fuko kwa kengele.

Huo ndio mtego. Nikikaa kimya, naacha kazi na nakwenda kubeba mashine ukweni. Nikisema, mama mkwe anasikia kwamba nilimdanganya usoni, siku ya kwanza, kwa zawadi.

Nilifikiria kuugua. Mama Paskalina akasema nikiugua atakwenda kusema yeye.

Siku ikafika, Babati. Kabla kesi haijasikilizwa huwa wanawaweka kwanza kwenye usuluhishi, chumba kidogo, meza moja, mnaangaliana. Msuluhishi alikuwa mama mmoja mtu mzima, sauti ya chini.

Video ikachezwa. Pale nilipofika kwenye fuko waliobeba watoto, msuluhishi akaangalia pembeni, nikaona mabega yanacheza.

Akamtaka Bwana Mkubwa aeleze kengele. Akaeleza. Mawimbi, mtetemo, mfumo wa fahamu. Akaulizwa, na tundu kubwa hivi na boliti nyembamba, kwa nini? Akaangalia karatasi yake. Akasema tundu ni kubwa ili sauti ipate nafasi ya kupita.

Hata wakili wake alimgeukia.

Msuluhishi akanitazama mimi. Nikamtazama mama mkwe. Amekaa wima, kitenge cha kijani, mikono juu ya magoti. Hakupepesa macho.

Nikasema, "Mheshimiwa, ile kengele haifanyi kitu chochote. Nilikosea kutoboa tundu la ekseli. Nikaziba na kengele, mama mkwe wangu yule pale asinione fundi mbovu. Tundu ni kubwa kwa sababu drili ninayo moja. Hayo ya fuko nilitunga nikiwa nimesimama."

Dada Neema akaweka drili yangu mezani, akaweka na mashine aliyokuja nayo Bwana Mkubwa kama ushahidi wake mwenyewe, akafungua kengele. Drili ikaingia kwenye tundu kama mguu kwenye kiatu chake; kumbe ni ile ile niliyomuuzia mnadani.

Wakili wa upande wa pili akaomba wazungumze na mteja wake nje. Walikaa huko masaa manne.

Dakika ishirini.

Waliporudi wakasema kesi wanaiondoa na hataza Bwana Mkubwa anairudisha serikalini. Ikaandikwa, tukasaini. Toboatoboa ni ya kila fundi mwenye kipande cha bomba. Kazi yangu ikabaki mikononi mwangu, na mashine ikabaki ukweni.

Nje, Bwana Mkubwa akanivuta pembeni. Nikajua ananipiga. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo fuko hawasikii kabisa?" Nikamwambia hawasikii. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameshamwambia hivyo mkewe, na mkewe ana shamba la viazi. Leo hii dukani kwake Katesh anauza Toboatoboa nilizotengeneza mimi.

Lakini bado nilikuwa na mtu wa kumkabili. Mama mkwe alikuwa amesimama kivulini na wenzake. Nikaenda nimeinamisha kichwa, nikampa shikamoo, ya tatu siku hiyo. Akaitikia marahaba. Akaniangalia muda mrefu.

Akasema, "Baba, hiyo kengele ilidondoka siku ya pili. Tundu nililiona. Nikaifunga mwenyewe."

Nikainua kichwa. Yeye akaendelea.

"Nikasema huyu kijana siku akitaka kusema, atasema." Akarekebisha kitenge chake. "Ila fuko kwangu wameondoka. Usije ukaitoa."

Wakuu, nimekiri mbele ya mashahidi na karatasi imepigwa mhuri, lakini mpaka leo hakuna anayenunua mashine isiyo na kengele. Wiki iliyopita mama mmoja wa Endagikot amerudisha yake, ati haina kengele. Nimemweleza ni ya kuzibia tundu tu. Akaniambia hayo nikawaambie wanasheria, yeye anataka kengele.

Nilichojifunza? Ukibuni kitu, funga mdomo, kaombe hataza kwanza, halafu ndiyo upige kelele mnadani. Ukiibiwa, angalia kosa lako limekwenda wapi, mwizi huwa anabeba na takataka. Na wakili usimdanganye.

Karibuni wenye maswali, wenye matusi, na mafundi wanaotaka vipimo. Vipimo natoa bure, siyo vya kwangu tena.

Kitu kimoja tu msiniulize. Kuna mashine nyingine nimetengeneza, ipo ndani imefunikwa turubai, na dada Neema amesema nisitamke hata herufi mpaka maombi yaingie. Na nimeshika. Siku tisa sasa sijamwambia mtu. Ila niwadokeze tu, ile ni ya kuvuna, ina kama kijiko hivi halafu kwa chini kun

Shikamooni wote. Hapa ni Mama Paskalina, simu ninayo mimi. Hana mashine yoyote mpya, anatania kama kawaida yake. Kengele zipo.