Msomaji wa Herufi Bubu

Mzee Nukta alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi meza moja na dada yake mkubwa. Yeye alishika mswada na kuusoma kwa sauti, dada alifuata kwa kalamu kwenye karatasi iliyochapwa kwa majaribio, na kila mstari ulipokwisha salama alijibu, "Ndiyo."

Kwa Kiingereza walikuwa na namna yao. Lugha hiyo ina herufi bubu, zinazoandikwa lakini hazisemwi, na jicho huziruka kirahisi. Basi Mzee Nukta alitamka kila herufi kama ilivyoandikwa, utadhani anasoma Kiswahili. Neno "knife", yaani kisu, ambalo husemwa "naif", likawa "kinife". Wapiga chapa walicheka hadi mbavu zikawauma, wakawa wanawaamkia, "Kinife, wazee wetu?" Dada aliwaambia wacheke tu, lakini wamletee herufi moja aliyowahi kuikosa. Hakuna aliyeileta.

Dada akafariki. Kiti chake hakikuondolewa. Mzee Nukta aliendelea kusoma kwa sauti: mstari, kimya cha pumzi moja, kisha mstari mwingine. Mimi nilikuwa mhariri mpya, meza yangu nyuma ya ukuta wa mbao. Kuna siku chai yangu ilipoa mkononi nikikisubiri kile kimya.

Mwaka ule niliandika pendekezo kwamba toleo jipya la kitabu chetu cha Kiingereza kwa watoto wanaoanza liandike maneno kama yanavyosikika. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto haelewi kwa nini aandike herufi ambayo hakuna anayeisema. Mkurugenzi alilipenda, ila akataka na msahihishaji aridhie. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Kazi nyingine zote zilikwisha kupewa mashine. Kusoma kwa sauti kulikuwa kumebaki kwa kitabu hicho tu, kwa sababu ya zile herufi bubu. Zikiondoka, Mzee Nukta angehamishiwa ghalani, na meza ile ingevunjwa.

Mkutanoni wote tulitarajia apinge. Aliitazama mikono yake.

"Dada yangu alichapwa kwa ajili ya herufi hizi," alisema. "Aliandika kisu kama alivyokisikia. Mwalimu alimpiga mpaka vidole vikavimba. Ndiyo maana hakukosa hata moja tena. Mwandikieni mtoto anachokisikia."

Mkurugenzi akamuuliza, na yeye je?

"Mimi nimezoea kuzungumza na kiti, mwanangu. Hata ghalani viti vipo."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Mchana huo alirudi mezani kumalizia ukurasa wa mwisho wa toleo la zamani la kitabu hicho. Nilikwenda kumwomba radhi, nikasimama mlangoni nyuma yake. Alikuwa anasoma polepole, kila herufi bubu ikipewa sauti yake, na baada ya kila mstari alinyamaza, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza. Hakuitikia kwa kichwa. Alisubiri, nami nikahesabu pumzi mbili, tatu, nne. Kalamu ya dada ilikuwa imelala juu ya meza, mbele ya kile kiti.

"Ndiyo," nilisema, kwa sauti ndogo.

Hakugeuka. Alifunga mswada taratibu, akausogeza upande wa kiti.

"Leo umechelewa, dada," alisema.