Samaki Mzima kwa Dakika Saba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfungia dada yangu samaki mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafanya zamu ya jioni kiwandani Chang'ombe, na nilikaa na dada kwenye chumba chake cha kupanga, Temeke. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Ilikuwa miaka ile ya unga wa njano na foleni kwenye duka la ushirika. Dada alishaanguka mara moja wodini kwa njaa, na muuguzi mkuu alimwambia wazi: akianguka tena, atahamishiwa chumba cha mafaili, asije akadondoka na mtoto wa mtu mikononi. Dada aliipenda wodi ile kuliko alivyonipenda mimi, na simlaumu. Nikajitwika kazi ya kumfungia chakula cha mchana.

Kupika nilijifundisha mwenyewe, kwa kunusa vyungu vya majirani uani na kwa karatasi moja ya lishe niliyoibandua kwenye ukuta wa zahanati. Nakiri, niliiba. Karatasi ilisema mlo uwe na vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, nami nikaichukua kama amri ya jeshi. Kila alfajiri nilisonga ugali, nikakata mchicha mwembamba kama uzi, kisha nikamlaza samaki aina ya changu wa kukaanga juu yake, kichwa kikielekea kushoto. Kikielekea kulia, nilianza upya. Nikishafunika bakuli nilifunua tena mara tatu, nihakikishe samaki hajageuka.

Kila usiku nikitoka zamu nilikuta bakuli limerudi tupu, limelambwa. Nilijiona waziri wa lishe. Kitu kimoja tu kilinisumbua: dada alizidi kukonda. Nikaongeza ugali.

Mchana mmoja, nikielekea kiwandani, nilipitia hospitalini. Getini alikaa mzee mlinzi, mashavu yamejaa, vifungo vya sare vimekaza tumboni.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta dada yangu, muuguzi wa wodi ya wazazi."

"Marahaba. Aa! Kumbe ndiye wewe, ndugu mpishi!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera, mwanangu. Ila juzi ulizidisha ndimu."

Nilidhani ananitania, mpaka nikaliona bakuli langu chini ya kiti chake, na mwiba mmoja umenasa kwenye sharubu zake.

Dada akatokea, akaniona, akaelewa.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nina dakika saba za kula, na hapo sijanawa. Miiba nitoe saa ngapi? Halafu nimshikeje mtoto mchanga kwa mkono unaonuka soko la Feri?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Siku ile nilisema chumvi kidogo, ukanuna mpaka Jumapili!"

"Sasa unakula nini?"

"Chai ya rangi. Sukari ikipatikana."

"Chakula cha ujamaa hicho," mzee aliingilia kati. "Kapika ndugu, kabeba dada, nimekula mie."

Nilitaka kucheka, lakini dada alikuwa ameegemea nguzo ya geti, midomo imemkauka. Hapo nikaogopa. Wodi yake ilikuwa inamponyoka, na aliyekuwa anashiba ni mlinzi.

Jumapili nilijifungia chumbani na saa ya mezani. Nilisimama wima, mto nimeupakata mkono wa kushoto kama mtoto, mkono wa kulia najilisha viazi vitamu. Mama wa chumba cha pili akachungulia dirishani.

"Hee! Kaka, huyo mwanao unamwachisha ziwa leo?"

Nilivumilia. Nilichopata ni madonge: viazi vitamu vilivyopondwa na maharage, karanga za kutwanga na mchicha, kila donge limefungwa jani la mgomba ili alishike bila kuligusa. Donge moja, mafunda manne. Siku ya kwanza yalikuwa makavu mno. Dada alipata kwikwi mbele ya muuguzi mkuu, akazunguka naye vitanda vyote mabega yakimruka. Nikayalainisha kwa tui la nazi. Siku ya pili alimaliza matatu kwa dakika tano, akabakiwa na mbili za kunywa maji.

Mzee wa getini alinitumia ujumbe kupitia kwa dada: "Mwambie ndugu mpishi, mapinduzi yake yameniumiza."

Dada hakuanguka tena, na wodi ya wazazi hakuihama. Mimi bado nina wasiwasi, bado nafunua kila bakuli mara tatu. Lakini sasa, kabla ya kuwasha jiko, namuuliza mlaji ana dakika ngapi na kama atakula amesimama, kisha nanyamaza nisikie jibu.