Kinu Hakiondolewi Kimyakimya

Enzi zetu kule Idsowe, kitu cha watu wengi hakikuondolewa kimyakimya. Najua mtanicheka: mwanamke bado ananyonyesha, naye anajiita wa enzi. Chekeni. Nimekasirika na nitasema.

Nakumbuka kinu chetu. Kilikuwa kimoja kwa nyumba nne. Kilikaa uani kwa mama mdogo Habona kwa sababu ya kivuli, si kwa sababu ni chake. Baada ya mavuno tuliamshwa na mlio wa michi, kuku wakigombania chenga miguuni mwetu, pumba zikituwasha shingo mpaka tukimbilie mtoni bila kuambiwa tukaoge. Wali mpya ulinukia hadi njiani. Tuliula kwa kambare mkavu, tukalamba vidole, na hakuna aliyeupiga picha kwanza.

Aliyetaka kuhamisha kinu alipaza sauti: "Kinu chaondoka! Nani ana mpunga juani?" Mtu akijibu, kinu kinabaki. Basi mwaka mmoja mama mdogo akaanza kununua mchele wa dukani, akaona kinu kinamjazia ua, akakipasua kuni. Hakuita mtu. Nyumba tatu tukashindia ndizi za kuchemsha, magunia ya mpunga yakitutazama. Bibi hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Habona, umechemsha chai yako kwa wali wetu."

Sasa njooni Garsen, wiki iliyopita. Mimi natengeneza video za harusi kwa kompyuta ya mezani, chumbani kwangu, mtoto mgongoni. Nilikuwa na video ya harusi iliyofanyika Tarasaa. Mama Zuhura, mamake bibi harusi, alinisihi: binti anaondoka Jumamosi alfajiri kwenda Qatar na mumewe, na yeye anataka waitazame pamoja Ijumaa jioni, mama na binti. Hilo tu.

Shemeji Jillo, mdogo wa mume wangu, msomi wa chuo, akataka kusakinisha mchezo wake wa magari kwenye kompyuta yangu. Nafasi haikutosha. Akaona maktaba moja, na si ya vitabu: ni kifurushi ndani ya mfumo, ambacho programu nyingi hukitegemea kusoma picha na sauti. Akaamua haina kazi. Na ile mashine ina adabu kumshinda, ilimuuliza! Ilimwandikia kwamba programu hizi zinaitegemea, zitaondoka nayo, je, aendelee? Ya video. Ya picha. Ya sauti. Jillo akabonyeza Ndiyo bila kusoma, kama wanavyobonyeza kila kitu.

Ijumaa natoka sokoni, nawasha, hakuna kitu.

"Jillo, video iko wapi?"

"Video iko, shem. Ya kuifungulia ndiyo haiko."

"Nani ameitoa?"

"Si nilisafisha tu! Ile maktaba ilikuwa inakula spesi."

"Hata wewe unakula spesi hapa kwangu. Mbona sijakufuta?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamkalisha pale, mtandao utoke kwa simu yake, bando lake liishe. Kurudisha maktaba ni amri moja, anasema. Mtandao nao siku hiyo ulikwenda kama ng'ombe mgonjwa. Maktaba ilipoingia, kumbe ameleta toleo jipya, programu yangu ikalikataa. Akaling'oa, akaanza kutafuta la zamani. Mama Zuhura akapiga simu. Akapiga tena. Nilimwambia ukweli, naye akasema tu, "Haya," akakata. Heri angenitukana.

Programu ilifunguka Jumamosi, jua limeshapanda.

"Si zimerudi zote, shem?" Jillo akasema, huku akitafuta mchezo wake.

Nilimaliza kazi, nikaipeleka Tarasaa mwenyewe. Mama Zuhura alikaa mbele ya televisheni kwenye mkeka mpana, upande mmoja wa mkeka mtupu. Hakunilaumu. Alisema, "Ningetaka tucheke naye hapa, mwanangu."

Enzi zetu wengi waliolewa ng'ambo ya mto tu. Mama akimkumbuka bintiye alisimama ukingoni akaita, na ng'ambo mtu akaitika. Siku hizi binti anaruka bahari, mama anabakiwa na video, na hata hiyo inafungiwa na safisha-safisha ya vijana.

Pale binti alipocheka kwenye picha, Mama Zuhura alimwita kwa jina, mara moja, taratibu. Video ikaendelea.